Nafasi ya Jani la Baba

— Sijaona, unga ya muhogo inaenda wapi?

— Inaisha tu, baba Nu...

Sijaona alilimeza jina la binti yao kabla halijatoka. Tangu wamzike, mumewe Massoudi alikuwa amelipiga marufuku nyumbani. Yeye ndiye aliyemtuma mtoto mafuta ya kupikia soko la Jabe, siku liliporushwa guruneti. Alidhani asipolisikia jina, hatia itachoka iende zake. Haikwenda.

— Unamulisha nani? Na hii vita, chakula hakuna.

— Nikikuambia utakasirika.

— Basi ni mwanaume.

Sijaona alifunga kitenge akatoka, kijifuko cha unga mkononi. Ndoa yao ilikuwa imebakia uzi mmoja. Mara mbili Massoudi alimtaliki kwa hasira, mara mbili akamrejea. Ya tatu ingekuwa mwisho, na fundi huyu wa magari wa Buyenzi alilijua hilo vizuri. Lakini wivu, jamani, hauna masikio. Akamfuata nyuma nyuma mpaka bustani ya mjini.

Familia zilikuwa zimekaa kwenye nyasi, watoto na wazazi. Pembeni, mwanaume mmoja alikoroga sufuria juu ya mbabura ya makaa. Sijaona akampa unga, naye akapokea kwa tabasamu.

— Kumbe ni huyu.

Sijaona aligeuka.

— Massoudi, ngoja nikueleze.

— Mi nimengoja sana. Sijaona, nakuacha. Na hii ni ya tatu.

Yule mwanaume akaweka mwiko chini.

— Muzee, mi naitwa Aloys, ni mwalimu. Hiyo unga tunapika kole ya kubandika. Familia zinaokota majani na maua, zinatengeneza sura zao kwenye karto, hizi karatasi ngumu. Inawasaidia watoto walioona vita. Huyu mama anakujaka peke yake.

Massoudi akaitazama karto ya mkewe. Kulikuwa na msichana mwenye gauni la maua ya bogenvilia, na mama wa majani ya mwembe amemshika mkono. Upande wa pili wa msichana palikuwa patupu.

— Hapa ni nani?

— Ni weye. Hapa kila mutu anajibandika mwenyewe. Nura tu ndiye nilimubandikia, juu yeye hawezi tena.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ningekuambia namna gani? Jina lake ulilikataza.

Massoudi akakaa chini.

— Nura, alisema, mara ya kwanza tangu mazishi. Akalia mbele za watu bila haya.

Alipounyoosha mkono amshike Sijaona, yeye aliurudisha wake ndani ya kitenge.

— Apana. Mi si halali yako tena.

— Nilisema kwa hasira.

— Na zile mbili ulisema kwa nini?

Hasira ni hasara, na hasara nyingine hazina fundi. Sijaona, machozi yakimtiririka, akamsogezea sufuria.

— Bandika. Mi umeniacha. Mutoto haachwi.

Massoudi akaokota jani kavu, akalipaka kole kwa vidole vyenye oili, akalibandika kando ya binti yake.

Saa ya watu kujifungia ndani kwa ajili ya vita ilikuwa inakaribia. Sijaona alishika njia ya kwa kaka yake. Massoudi alirudi nyumbani ameibeba karto kwa mikono miwili, ameilaza, kwa sababu jani lake lilikuwa bado halijashika.