Mluzi Uliochelewa Malleshwaram

Vasudha alimwagiwa kahawa ya moto kwenye sari yake ya manjano, katikati ya watu waliokuwa wakila dosa, chapati nyembamba za mchele, wakiwa wima mgahawani pale mtaa wa Malleshwaram. Aliyemmwagia alikuwa kijana mrefu mwenye kitambulisho cha maabara ya rada shingoni.

"We kaka, macho unayo ya nini?"

"Ya kutazama mbali, dada. Karibu sioni."

Vasudha akacheka. Ndipo aliponasa.

Kazi ya kijana huyo, Raghunandan, ilikuwa kubuni mawimbi ya rada. Siku moja bustanini alimweleza kwa mluzi, akianzia chini na kupanda juu.

"Mlio mfupi hauna nguvu ya kufika mbali. Tunatoa mrefu unaopanda hivi, na mwangwi ukirudi tunaubana uwe ncha moja, kali kama sindano."

"Na ukiwa unapiga mluzi wako, unasikia?"

"Wapi, malkia wangu! Masikio tunayaziba mpaka mlio uishe. Aliye karibu, mwangwi wake hurudi tukiwa bado tumeziba; hatumwoni."

"Makubwa!"

Tangu hapo mluzi huo ukawa hodi yake chini ya dirisha. Vasudha akiusikia huchomeka ua la jasmini nyweleni na kushuka mbio.

Kisha baba yake akampatia mchumba. Vasudha akampigia Raghu simu.

"Kesho asubuhi wanakuja kuniona. Njoo mapema na mama yako, useme na baba. Appa akishapokea tambuu ya uchumba, basi tena."

"Nitakuja, roho yangu. Nina jaribio moja tu. Kwenye rada kila ndege kubwa inazaa vivuli vya uongo ubavuni, vinaficha ndege ndogo. Nikivifuta, nakuja."

"Usinifute na mimi."

"Wewe tena!"

Wanangu, hiyo "moja tu" imevunja nyumba kabla hazijajengwa.

Asubuhi wageni walifika. Vasudha aliwapelekea kahawa. Akarudi jikoni, akapiga simu. Iliita, ikaita. Alijua simu zote huachwa kwa mlinzi kwenye lango la maabara, lakini pia alijua Raghu ana miguu. Akapiga tena. Haikupokelewa. Moyo ukamwambia: umeachwa.

"Umeridhia, binti?" baba akauliza.

Akatikisa kichwa kukubali. Sinia za tambuu na nazi zikabadilishana mikono.

Bado wageni wanapongezana, mluzi ukapanda kutoka barabarani. Vasudha akasogea dirishani. Raghu alikuwa chini, anacheka kwa ushindi. Kando yake mama yake, kavaa sari ya hariri, kakumbatia nazi.

"Nani hao?" baba akauliza.

Vasudha alichomoa jasmini nyweleni, akafunga dirisha.

"Wamekosea nyumba, Appa."