Maji ya Tatu

Kila siku ya shule, ilipofika saa tisa na nusu alasiri, Chapuchapu alitupa mkoba wake kitandani, akavua sare, akavaa gauni lake la zamani la kazi na kutoka uani. Huko ilimngoja ndoo ya bluu yenye kifuniko. Alikifungua kifuniko huku amebana pua, maana ndani yake mlikuwa na nepi za Bosi za siku nzima.

Jina la Chapuchapu alipewa na mama yake kwa sababu hakuwa na jambo alilolifanya taratibu. Alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, hata kulala alilala chapuchapu. Ukigeuka kuzima taa unamkuta ameshaanza kukoroma. Bosi alikuwa mdogo wake wa miezi mitano. Yeye alipewa jina hilo kwa kuwa kila mtu katika nyumba ile alimfanyia kazi, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema asante.

Mama alikuwa mshonaji. Mwezi uliopita alikuwa amerudi kwenye karakana ya kushona sare, na tangu hapo kazi za nyumbani ziligawanywa. Mchana Bosi alilelewa na Bibi Saa, jirani wa chumba cha tatu. Huyu hakuwa bibi yao wa damu, ila alikuwa amewazoea kiasi cha kuwakaripia kama wajukuu zake. Mkononi alivaa saa kubwa ya kiume, na kila alichofanya alikifanya kwa saa hiyo. Bosi alinyweshwa kwa saa, akalazwa kwa saa, akabadilishwa nepi kwa saa.

Kazi ya kufua nepi ilimwangukia Chapuchapu. Mama alimfundisha Jumamosi moja asubuhi, nepi baada ya nepi.

"Choo unakikung'uta chooni kwanza," alisema. "Halafu unaisuuza, unailoweka kwenye ndoo. Ukishafua kwa sabuni unasuuza maji matatu. Ya kwanza yatatoka na povu, ya pili yatakuwa na ukunguukungu. Ya tatu ndiyo ya kuangalia. Yakibaki kama yalivyotoka bombani, umemaliza, unaanika juani."

"Na yasipobaki hivyo?"

"Unateka ya nne. Nepi haina mjadala."

Wiki ya kwanza Chapuchapu aliyafuata yote. Kisha mwalimu wa michezo akamchagua katika timu ya mpira wa pete, mazoezi yakawa Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu. Nepi zilikuwa kumi na mbili. Bomba lilikuwa upande wa pili wa ua, na foleni yake haikukosa watu wa kupiga soga huku ndoo zao zikifurika.

"Chapu, wenzako tumeshavaa," rafiki yake wa dawati moja alimwita getini Jumanne ya kwanza. "Mwalimu amesema atakayechelewa ataokota mipira."

"Nakuja. Bado maji ya tatu."

"Nani atayajua hayo maji ya tatu? Kwani nepi zinasema?"

Chapuchapu alizitazama nepi. Kweli, hazikusema. Alizikamua, akazianika, akakimbia. Alhamisi akaacha na maji ya pili. Baada ya hapo hata siku zisizo na mazoezi alisuuza mara moja tu, kwa kuwa mwili ukishaonja nafuu haupendi kurudi nyuma. Ili asijisikie vibaya aliongeza sabuni ya unga, konzi mbili nzima badala ya nusu. Alijiambia kuwa sabuni nyingi inafidia maji machache.

Ajabu ni kwamba nepi zilianza kunukia. Mama akirudi kutoka kazini alichukua moja, akaipeleka puani, akafumba macho.

"Hizi ndizo nepi," alisema. "Kule karakana nimewaambia wenzangu, mwanangu anafua kunishinda. Unasuuza yale maji matatu?"

"Matatu, Mama."

Uongo huo nao ulitoka chapuchapu, kabla hata hajaufikiria. Sifa zilikuwa tamu, na aliona haya kuzirudisha.

Wiki ya tatu ya mazoezi Bosi akaanza kulia. Hakulia kile kilio chake cha kila siku cha kudai maziwa, bali kilio kikali, hasa alipokojoa. Mama alipomfungua aliona ngozi imekuwa nyekundu, kutoka mapajani hadi kiunoni, na vipele vidogovidogo juu yake. Akabadilisha mafuta. Siku mbili zikapita, wekundu ukazidi, na sehemu moja ikaanza kuchubuka. Bosi alikataa kulala, naye Mama akawa anakwenda kazini macho yamemvimba.

"Mafuta nimebadilisha," Mama alisema asubuhi ya Ijumaa, kama anayezungumza na ukuta. "Nepi ni safi, nazinusa mwenyewe. Kilichobaki ni huko anakoshinda."

Chapuchapu alikuwa anafunga kamba za viatu. Aliinama zaidi, akazifunga upya ingawa zilikuwa zimeshafungwa.

Jioni ile hapakuwa na mazoezi. Alikuwa uani akianua nepi zilizokauka wakati Mama aliporudi na kwenda moja kwa moja kwenye mlango wa Bibi Saa kumchukua Bosi. Kutoka kwenye kamba hadi mlango ule hazikuzidi hatua kumi, na kila neno lilimfikia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo tena kalia sana. Nimemwacha wazi kidogo, angalau akapata upepo."

Mama alimchungulia mtoto. "Bibi, naomba usinielewe vibaya. Hakai na nepi mbichi huyu? Labda ukipitiwa na usingizi mchana..."

"Nambadilisha kila baada ya saa mbili, na kabla ya hapo nikihisi ameloa. Hilo unalijua."

"Najua. Lakini mtoto anaungua, Bibi. Nimefikiri, kuanzia Jumatatu nijaribu mtu mwingine."

Chapuchapu aliganda na nepi mkononi. Ilikuwa kavu na ngumu kama karatasi ya kadi, na vidole vyake, ambavyo vilikuwa vinamwasha tangu juzi, vilianza kuwasha tena. Kando yake palikuwa na beseni la maji aliyoyateka sasa hivi, hayajaguswa. Hakujua kwa nini alifanya hivyo, lakini aliitumbukiza ile nepi kavu ndani ya maji, akaiminya mara mbili. Povu likapanda. Akaiminya tena, povu likazidi, jeupe, likafunika mikono yake hadi kwenye vifundo.

Alikuwa amemvisha mdogo wake sabuni mchana na usiku, wiki tatu, na kila Bosi alipokojoa sabuni ile ililowana na kumchoma.

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri, na lazima lisemwe. Aliwaza kuyamwaga yale maji. Kesho ni Jumamosi, angeamka mapema, angezisuuza nepi zote vizuri, Bosi angepona, na hakuna ambaye angejua kitu. Tayari alikuwa ameshika ukingo wa beseni.

Wakati huo Bibi Saa alikuwa anatoa vitu vya Bosi kimoja kimoja, chupa, kofia, kile kijiko chake kidogo, na kuvipanga kwenye mfuko.

"Mpeleke, mwanangu, mtoto ni wako," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini isivyo kawaida. "Akifika kwa huyo mwingine akapona, basi nitajua ni mimi. Nitajua nimezeeka, na sitapokea mtoto wa mtu tena."

Chapuchapu aliuachia ukingo wa beseni. Akalishika kwa mikono miwili, akalibeba lilivyo, maji yakimwagikia miguu, akaenda kulitua katikati ya mlango, baina ya mama yake na Bibi Saa.

"Mama, tazama maji haya."

"Sasa hivi nina mazungumzo na Bibi."

"Ni ya nepi kavu, Mama. Nimeitoa kwenye kamba. Nimeichovya tu, sijatia sabuni."

Mama alichuchumaa. Akaingiza mkono, akaiminya ile nepi, akatazama povu likipita katikati ya vidole vyake.

"Unasuuza maji mangapi?"

"Moja."

"Tangu lini?"

"Tangu mazoezi yaanze. Uliponiuliza nikakwambia matatu. Nilikudanganya." Akamtazama Bibi Saa. "Bibi hana kosa. Ni mimi."

Alitegemea dunia ingemwangukia. Badala yake alihisi wepesi ambao hakuutarajia, kama mtu aliyetua ndoo iliyojaa kutoka kichwani na shingo ikamrudia. Hapo machozi yakamtoka.

Mama aliketi kwenye kizingiti. Alimtazama binti yake, akamtazama Bibi Saa, akashindwa aanze na nani. Aliyeanza ni Bibi, na alianza kwa kutazama saa.

"Saa kumi na mbili kasoro robo," alisema. "Zahanati inafungwa saa moja. Lawama hazina miguu, zitatungoja hapahapa. Mtoto ndiye hangoji. Vaa viatu, wewe."

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi, mwanamke mrefu aliyesukuma miwani yake juu ya paji la uso, alimfungua Bosi, akamgeuza huku na huku, akasikiliza habari ya beseni mpaka mwisho.

"Ngozi haijapata maambukizi, nashukuru mmemleta mapema," alisema. "Ni ngozi tu imeungua kwa sabuni. Itapona siku chache."

"Itapona kabisa?" Mama aliuliza.

"Kabisa. Mpake dawa hii kidogo tu, asubuhi na jioni. Mwacheni bila nepi kila mnapoweza. Atawalowanisha, mtavumilia. Na nepi zote zisuuzwe upya kabla hajavaa hata moja." Akawageukia wote watatu. "Hapa huja watu waliobadilisha mafuta, wakabadilisha maziwa, wakabadilisha na mlezi. Beseni huwa hawalitazami. Nani kalitazama hili?"

Mama alimwonyesha Chapuchapu kwa kidevu. Muuguzi aliitikia kwa kichwa, akaandika.

Njiani kurudi Bibi Saa ndiye aliyembeba Bosi, amefungwa kitambaa chepesi tu bila nepi, na kabla hawajafika nusu ya safari Bosi alimfanyia Bibi kile ambacho muuguzi alikitabiri. Bibi alisimama, akalitazama gauni lake, kisha saa yake.

"Kawahi dakika ishirini," alisema.

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta wa duka, machozi yakimtiririka, na Chapuchapu naye akacheka ingawa hakuwa na uhakika kama ameruhusiwa. Ilikuwa wiki nzima hajamsikia mama yake akicheka.

Kucheka kulipokwisha, Mama alimshika Bibi mkono. "Nisamehe, Bibi. Nilikosa cha kulaumu, nikakulaumu wewe."

"Nimekasirika, sitakuficha," Bibi alijibu. "Usiku huu nitakasirika tena kidogo. Kesho nitakuwa nimemaliza. Na Jumatatu mlete saa moja na nusu, ukichelewa nitakusema."

Jumamosi Mama na Chapuchapu walizitoa nepi zote kumi na mbili. Hawakutia sabuni hata chembe. Maji ya kwanza yalifura povu kana kwamba mtu amemwaga pakiti nzima, na ya pili, na ya tatu. Ilibidi wafike maji ya sita ndipo yakabaki kama yalivyotoka bombani. Mama aliinusa nepi moja.

"Hainukii kitu," alisema. "Ndivyo inavyotakiwa. Na mimi nilikuwa nasifu sabuni."

"Mama, nilikuwa nawahi mazoezi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani utasema niache mpira."

"Ningesema Jumanne na Alhamisi ziache kwenye ndoo, nitazifua mimi nikirudi. Ni siku mbili tu. Ulichokuwa unakiiba, mwanangu, ungekiomba ungepewa."

Chapuchapu alikuwa amebeba wiki tatu nzima kitu ambacho kingekwisha kwa sentensi moja.

Jumatano wekundu ulikuwa umebaki kivuli tu. Ijumaa haukuwapo. Jioni hiyo Bosi alilazwa juu ya mkeka mlangoni kwa Bibi, uchi, akipiga miguu hewani, Mama, Bibi na dada yake wakimzunguka na kumkagua makalio kama watu wanaonunua tikiti maji. Hapakuwa na doa. Alilala kabla ya saa mbili na hakuamka kulia.

Mama alikaa kando ya Chapuchapu, sauti akiipunguza ili asimwamshe.

"Sikusifu kwa kusuuza," alisema. "Kusuuza ni kazi yako, na utaifanya mpaka Bosi aache nepi. Nakusifu kwa sababu ulijua ungeweza kumwaga yale maji, na ukayaleta. Utakosea tena, mimi pia nitakosea. Ukikosea, sema wewe mwenyewe, kabla mwingine hajaanza kupanga vitu kwenye mfuko kwa kosa lako."

"Ndiyo, Mama," alisema Chapuchapu, na safari hii alifikiri kwanza kabla ya kujibu.