Usimwite Kuntai

Haya yalimpata ndugu yangu wa tumbo moja, Wakhungu, na mimi nilikuwepo. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida ya Kitengela, mwaka 1997. Vumbi, punda wa maji, na Kuntai akishusha mitungi ya maziwa kutoka kwa baiskeli yake mlangoni kwa ndugu yangu. Wakhungu, mwalimu wa sekondari, alikuwa amekaa nje juani, amevimba uso na miguu. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Madaktari walisema asipopata figo ya mtu mwingine hamalizi mwaka. Sisi ndugu zake tulikuwa tumepimwa. Yangu haikulingana na yake. Ya mdogo wetu Melvin ililingana, lakini Melvin akakumbuka ghafla kwamba ana safari ya Kitale, na mpaka leo sijui alifuata nini huko.

Kuntai alikuwa amezoea kunywa chai na ndugu yangu kila akileta maziwa. Siku hiyo alisikiliza habari zote, kisha akaweka mtungi chini.

“Mimi niko na mbili,” akasema. “Mtu anaweza kutembea na moja?”

“Anatembea,” Wakhungu akajibu, akageuza uso. Hakumwambia kitu kingine.

Hospitalini Kuntai alisema wao ni ndugu, akapimwa, ikalingana. Kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji alimshika Wakhungu mkono.

“Kwetu mtu akikupa ng'ombe, majina yenu inaisha hapo. Wewe unamwita Pakiteng', na yeye anakuita Pakiteng'. Hii si ng'ombe, lakini sisi hatuna jina ingine kubwa kuliko hiyo. Ukiniita Kuntai tena, umenirudishia.”

Ndugu yangu alicheka, akaahidi.

Aliishi na figo ile miaka mitatu. Alinenepa, akarudi kufokea wanafunzi, akapata mtoto wa pili. Ikawa Pakiteng' huku, Pakiteng' kule, mpaka mkewe Dolphine akawa anawaonea wivu. Nilifurahi kuwaona, siwezi kudanganya.

Kisha kiangazi cha mwaka 2000 kikamfukuza Kuntai mbali, yeye na mifugo yake. Alirudi kwao Bisil akiwa mgonjwa, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Ugonjwa gani, hakuna aliyejua. Njia nzima tukienda mazishini Wakhungu alikuwa anauliza kama mtu mwenye figo zote mbili angepona. Aliuliza mpaka Dolphine akamwomba anyamaze.

Mama yake Kuntai alikuwa hajawahi kuambiwa habari ya figo. Aliambiwa siku hiyo, pale pale karibu na kaburi. Hakulia. Alimwomba ndugu yangu afungue shati, akaweka kiganja chini ya tumbo lake, akaanza kuongea Kimaasai polepole.

“Anasema nini?” nikamnong'oneza Parsaoti, binamu wa marehemu.

“Anasalimia mtoto wake.”

“Na sasa?”

“Anamuuliza kama hapo ndani wanampatia maji.”



Kwetu Waluhya, mtu huongea na maiti. Humwita jina lake, kwa sauti, ili ajue ni yeye anayeagwa. Ndiyo heshima tunayoijua. Wakhungu alisimama mbele ya jeneza, machozi yakimchuruzika, akasahau yuko kwa nani.

“Kuntai,” akasema. “Kuntai, ulinipa maisha. Lala salama, Kuntai.”

Mama mzee akaangalia kiganja chake, akakifuta kwa shuka, akaondoka. Parsaoti akamsogelea ndugu yangu.

“Mwalimu, umemwita jina.”

“Ndiyo.”

“Basi umemrudishia.”

Kesho yake mchana nilikuwa naanika nguo kwa ndugu yangu. Mtu akaita kutoka langoni.

“Wakhungu.”

Sauti ya Kuntai. Siwezi kuikosea. Nilifungua lango. Hapakuwa na mtu. Mbwa wetu alikuwa amesimama pale, anatikisa mkia, anaangalia juu, kama anavyomwangalia mtu anayemjua.

Ndugu yangu naye alikuwa amesikia. Alitoka nje bila viatu.

“Pakiteng',” akasema. “Pakiteng', nisamehe. Nilikosea.”

Akaita tena.

“Pakiteng'.”

“Wakhungu,” sauti ikajibu. Haikuwa na hasira. Ilikuwa karibu zaidi. Ilikuwa ndani ya lango.

Mbwa akageuka, akafuata kitu mpaka miguuni pa ndugu yangu. Kisha akalala chini, akaanza kulia.

Wakhungu alishika tumbo.

“Nanjala,” akaninong'oneza. “Imetulia.”

“Nini?”

“Huwa naisikia ikipiga hapa. Kidogo kidogo. Imetulia.”

Kufika jioni hakuwa amepata mkojo hata tone. Uso ukaanza kuvimba. Tulimkimbiza hospitali, akalazwa kitandani, na daktari mmoja kijana akapitisha mashine ya kuonyesha picha za ndani chini ya tumbo lake. Akapitisha tena. Akapaka mafuta zaidi, akarudia. Akauliza figo iliwekwa upande gani. Nikamwambia kulia, hapo mbele, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa nikimsafisha kidonda wakati ule.

“Hapa hakuna figo,” akasema. “Na hapa hakuna kovu.”

Niliinama nikaangalia. Ngozi ilikuwa laini, nzima, haijawahi kuguswa na kisu.

Daktari akamgeuza taratibu. Ubavuni, kutoka karibu na mgongo kuja mbele, kulikuwa na kovu refu, lililopona zamani. Sikuwahi kuliona. Daktari alilipitishia kidole mwanzo hadi mwisho, kisha akanivuta pembeni.

“Mama, aliyepewa figo hukatwa mbele,” akasema kwa sauti ya chini. “Huku ubavuni hukatwa yule anayetoa. Sasa niambie ukweli. Huyu wenu alipewa, au ndiye aliyetoa?”