Jini Aliyeuawa Sura ya Kumi na Mbili

Kitunguu ndicho kilichoanza kumsaliti. Karani wa shule ya wasichana alisimama jikoni kwake, akakikata, akangoja machozi. Wapi! Akakinusa: hakuna kitu. Akanusa sabuni, mafuta ya taa, hata viatu vyake mwenyewe. Bure. Akasema ni mafua. Mafua gani, jamani, hayana hata kamasi?

Huyu karani, sipendi kumsema ila lazima nimseme, alikuwa mwandishi. Kitabu chake cha kwanza, *Mpenzi wa Ukutani*, kilihusu msichana wa miaka kumi na sita aliyependwa na jini aishiye ndani ya ukuta wa chumba chake. Jini mwenyewe alinukia mvua, na sauti yake ilikuwa ya kulegeza magoti. Wasichana walikisoma chini ya madawati mpaka kikachanika. Kila mtu alijiuliza, mama mkavu kama biskuti vile, mahaba yale kayatoa wapi?

Aliyatoa chini ya godoro la bintiye. Alikuta daftari siku anabadilisha shuka, akalinakili neno kwa neno, akidhani mtoto katunga. Alipolirudia apate kitabu cha pili, daftari lilishahamishwa. Basi akajitungia mwenyewe ofisini, kati ya barua za wazazi na ratiba za mitihani.

Na kitabu hicho cha pili, acha tu! Jini wa watu akabebeshwa mkoba wa kiranja. Sura ya pili akapoteza harufu yake. Sura ya tano, kivuli. Sura ya nane, sauti. Sura ya kumi na mbili akazimika kama mshumaa, na msichana akafaulu hesabu, akamsahau.

"Tumepigwa!" wasichana walilalamika dirishani pa ofisi. "Karani, jini gani anaomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu?"

"Hilo ni fundisho. Nyie mmezoea upuuzi."

Akatoka kuwafukuza. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka uwanja mzima. Mmoja wao akarudi nyuma, mkono mdomoni.

"Karani... kivuli chako kiko wapi?"

Alirudi ofisini mbio, akafunga mlango, akakitoa kitabu chake na kukifunua, harufu, sura ya pili, kivuli, sura ya tano, na nyuma ya kabati la mafaili, ndani ya ukuta wenyewe, kitu kikaanza kukwaruza taratibu kama kucha inayofuata mistari, kikakwaruza, kikasita, kikakwaruza tena, nacho kilikuwa kinakwenda pamoja naye, kila alipogeuza ukurasa kikageuza, kila alipoacha kikamngoja.

Alimkuta bintiye nyumbani anapiga pasi sare.

"Mwanangu," akanong'ona, "lile daftari... ulitunga tu, sivyo?"

"Sema polepole, mama. Anakusikia."

"Nani?"

"Uliyemuua."

Karani akafungua mdomo apige kelele. Mdomo ulifunguka wote, mpaka kile kimeo kikaonekana, lakini hakikutoka hata kikohozi.

Binti akamshika mkono wakaenda kwa mganga, bibi mmoja mwenye kiko na maneno machache. Bibi akalaza sikio kifuani pa karani, akasikiliza muda mrefu.

"Huyu simtoi," akasema. "Hakumwingia mama yako. Mama yako ndiye anayepita mle alimopitisha mwenzake, na sura iliyobaki ni moja. Amwandike upya anayemjua, arudishiwe vyake. Unamjua?"

"Namjua," binti akajibu, akainamisha macho kama mchumba.

"Basi andika leo, mjukuu wangu."

Chumbani kwake binti akachomoa tofali moja, akatoa daftari. Karani akapiga magoti sakafuni, mikono kifuani, akiomba kwa macho.

"Cha kwanza uliniibia siri yangu, nikanyamaza kwa kuwa wewe ni mama," binti akasema bila kumtazama. "Cha pili umenifanya mjane."

Akaandika. Karani akasoma juu ya bega lake. Jini akarudi kwa mlango wa mbele. Akapewa sauti. Akapewa kivuli kirefu. Akapewa harufu yake, na papo hapo pua ya karani ikafunguka: mvua! Mvua ya kwanza juu ya vumbi, chumba kizima! Machozi yakamtoka kwa furaha. Amepona!

Kalamu haikusimama. *Ila ukuta hauwezi kubaki mtupu*, binti aliandika.

Karani akanyoosha mkono auzuie ule wa mwanawe. Mkono ukagonga tofali. Akageuka kushoto, tofali. Akageuka kulia.

Kitabu cha tatu kimetoka, na wasichana wanasema hakijawahi kuandikwa kitamu kama hicho. Wanakuja nyumbani kwa binti kusainiwa nakala zao, wanajazana kitandani, wanasomeana kwa sauti. Mama yake, anawaambia, amesafiri. Ile sura ya mwanamke wa ukutani asiye na sauti ndiyo wanayoirudia zaidi, na kila wanapoifikia huanza ule mkwaruzo nyuma ya mto, kucha juu ya tofali, haraka haraka.

Binti hugonga ukuta mara mbili, kwa upole.

"Mama, tulia. Wageni wanasoma."