Kamba Aliyoilegeza Vitalis

Asubuhi ile mtaa wa Mchafukoge ulikuwa tulivu. Vitalis na mafundi wenzake wa nyaya walikuwa wakinywa chai kwa mkewe, Leticia, mama lishe wa pembeni mwa barabara, huku Vitalis akiwachekesha kama kawaida yake. Ghafla akatokea msichana wasiyemjua, kavaa kofia ya kazi na buti zenye tope.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umepotea, binti? Vitenge viko Kariakoo."

"Sijapotea. Naitwa Brightness. Nimeletwa kupitisha kamba."

Kicheko kikakatika. Kupitisha kamba ya kuvutia nyaya kwenye mabomba ya chini ya ardhi ilikuwa kazi ya Vitalis miaka yote. Lakini tangu juzi waya wa chuma aliotumia kuipitisha ulikuwa ukikwama njiani.

Brightness akafunga kipande cha sponji kwenye uzi mwepesi, akakiingiza bombani, akawasha kompresa, mashine ya upepo. Upepo ukakisukuma. Mara fundi mwenzao Hashimu akapiga kelele kutoka chemba ya pili, bomba linakotokea:

"Kimetoka! Fundi Vitalis, leo umestaafishwa!"

Watu wakaangua kicheko. Leticia naye akampa mgeni chapati aliyokuwa amemwekea mumewe. Jambo dogo, ndugu msomaji, lakini wivu hausubiri jambo kubwa. Vitalis akakisukuma pembeni kikombe chake cha chai.

Walipoanza kuvuta waya wa umeme, Brightness alimwambia kwa heshima, "Fundi, naomba ufunge wewe kamba ya akiba. Mkono wako ni wa uhakika."

Kamba hiyo hufungwa pamoja na waya, ibaki bombani kuvutia waya mwingine baadaye. Vitalis akaifunga legelege, makusudi. Waya ukatokea upande wa pili peke yake.

"Kamba iko wapi?" aliuliza msimamizi, mzee Elimringi.

"Binti kasema tusisumbuke nayo," Vitalis akadanganya.

Brightness alikana, lakini mzee akamwamini fundi wake wa miaka mingi. Jioni Brightness akaondolewa kazini.

Wiki iliyofuata ukaletwa waya wa pili. Bomba lilikuwa limeshabanwa na waya wa kwanza. Sponji ikagoma, waya wa chuma ukagoma. Ikaamuliwa barabara ichimbwe. Alama ya chokaa ikachorwa pale pale penye jiko la Leticia.

"Baba Evelyn," Leticia alimwambia mumewe nyumbani, "wateja wangu niwapeleke wapi?"

Vitalis akashindwa kuvumilia. Akamweleza yote.

"Yaani chapati tu, mume wangu?"

"Walinicheka, Leti."

"Niahidi utasema kabla hawajachimba."

"Watanifukuza."

"Mtoto wa watu ameshafukuzwa kwa ajili yako!"

Vitalis akainamisha kichwa. "Nakuahidi."

Asubuhi mafundi walishashika sururu. Vitalis akasimama mbele yao. "Mzee Elimringi, kamba niliilegeza mimi. Brightness hana kosa."

Hakuna aliyecheka. Brightness akapigiwa simu arudi, aongoze kazi. Vitalis akavuliwa cheo cha fundi, akaambiwa akitaka abaki kama kibarua. Lakini kwa kuwa kamba haikuwamo bombani, shimo lilibaki kuwa lazima. Leticia akahamishia sufuria zake uchochoroni, na Vitalis akachukua sururu, akapiga pigo la kwanza pale mkewe alipokuwa akipikia.

MAFUNZO

Ndugu zangu, wivu ulilenga kumwangusha mgeni, ukabomoa jiko la mwenye wivu. Ukiona mwenzako anaweza, mpongeze, ujifunze kwake. Na ukishakosea, sema ukweli hata kama utakugharimu. Ukweli wa Vitalis haukuzuia shimo, lakini ulimrudisha Brightness kazini.