Moto wa Upande wa Dereva

Mwanaume mzima alikuwa anatetemeka. Saa saba mchana, jua la Ntinda limewaka mpaka lami inanata kwenye viatu, magari yamefungana kutoka kwenye taa hadi mlango wa supamaketi, kila mtu anajipepea na alichonacho. Huyu bwana yeye amekaa ndani ya gari jeusi lililoegeshwa, vioo vyote juu, amejikunyata kama kifaranga kilichonyeshewa. Na muziki humo ndani unapiga hadi milango inacheza.

Aciro, akipita na mfuko wa chapati mkononi, alimwona. Ovaroli ya bluu, nywele kasuka mistari midogo midogo, hereni kubwa masikioni, grisi kwenye kidole gumba. Alikuwa binti wa dereva mstaafu wa jeshi kule Mbuya, na kazi yake ni fundi wa viyoyozi na redio za magari katika gereji ya mzee Odur, nyuma ya supamaketi hiyo hiyo. Gari likiteseka yeye hawezi kupita. Akagonga kioo.

"Ssebo, bwana, gari linakutesa?"

Mlango ukafunguka na baridi ikampiga usoni.

"Nimebonyeza kila kitu," bwana akasema, meno yanagongana. "Nimepata waipa. Nimepata taa za hatari. Pa kuzimia hii baridi sijapaona. Maandishi yote ya Kijapani!"

Aciro akacheka, akapitisha mkono mbele ya kifua chake mpaka kwenye dashibodi. "Tazama. Duara hili ni la dereva, lile la abiria. Kila mtu na hali yake ya hewa. Hiki kidude chenye feni ni kasi ya upepo. Muziki unapunguzia hapa kwenye usukani. Wewe umeweka kumi na sita, bwana. Hiyo ni ya kuhifadhi nyama. Sasa unataka ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Ishirini na nane! Wewe ni mtu au yai linaloatamiwa?"

"Mimi ni Siraje," akasema, na tabasamu lake la kwanza likatoka. Koti la rangi ya maziwa, shati limepigwa pasi, macho ya kumkosesha mtu usingizi. Aciro akasahau chapati zake zinapoa.

"Gari ni lako?"

"Langu. Jipya. Bado hatujazoeana."

Mwongo! Gari lilikuwa la mteja aliyemwachia alinde mapazia huku injini ikinguruma. Siraje alikuwa mshonaji wa mapazia, duka lake lipo Old Kampala, chini kidogo ya msikiti, na kuendesha gari hakujua hata kidogo. Lakini utamwambiaje hivyo binti mzuri ambaye amekuokoa na dashibodi?

Ndivyo mapenzi yalivyoanza, na yalikwenda mbio. Asubuhi simu, mchana simu.

"Wangi, nakusikia, fundi wangu."

"Yai langu, umevaa soksi?"

"Mbili mbili. Na wewe umekula?"

"Nitakulaje na wewe huko mbali?"

Siku moja gerejini Aciro akaiunga simu ya Siraje na redio ya majaribio, na akiwa hapo akaibadilisha jina linalotokea redioni, kwa mkono wake mwenyewe. Akaiandika *Siraje wa Aciro*. Wakacheka kama watoto.

Lile gari jeusi, Siraje alisema ameliuza, linakula mafuta. Na kila Aciro alipopewa gari na mzee Odur akalijaribu barabarani, akamwambia Siraje aendeshe, jibu lilikuwa moja: "Leo goti linaniuma, mpenzi. Endesha wewe."

Mambo yakafika Mbuya. Mzee Opoka, baba yake Aciro, aliendesha malori ya jeshi miaka ishirini na sita, na Kiswahili chake ni cha kambini. Siraje alipompigia simu kujitambulisha, alijiandaa kuulizwa dini, maana yeye Mwislamu na Aciro Mkatoliki. Wapi!

"Dini mtaongea na padri na shehe yenu," mzee akasema. "Mimi nauliza kitu moja. Unaendesha? Mtoto yangu akiumwa usiku, nani napeleka yeye hospitali?"

"Naendesha, mzee."

"Sawa. Miezi tatu kutoka leo, Jumapili, kuja na gari. Nataka kuona leseni na macho yangu. Bila leseni, hakuna Aciro."

Basi hapo Siraje akajua amejifunga. Bila leseni, hakuna Aciro. Akamkumbuka mteja wake mwingine, Rashidah, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia nyumba mpya Ntinda na kutaka mapazia ya madirisha yote. Wakakubaliana: yeye ashone, mwalimu amfundishe gari, na mtihani aufanye kwa gari la mwalimu. Ijumaa, saa tatu asubuhi, siku mbili kabla ya kwenda Mbuya. "Lakini usimwambie mtu, dada yangu. Nitakufa kwa aibu." Sasa wewe na mimi tunajua. Aciro hakujua chochote, na ndipo balaa lilipoanzia.

Alhamisi mchana, siku moja kabla ya mtihani, Rashidah akaingia gerejini. Gauni la njano, kilemba cha kijani, manukato yamefika kabla yake.

"Fundi, kiyoyozi hakipozi, na redio bado inasema Kijapani. Lazima liwe tayari leo jioni. Kesho saa tatu kuna mtu wangu nampeleka mahali. Ni siku yake kubwa."

"Kale, sawa, madam," Aciro akasema. Akajaza gesi ya kiyoyozi. Akaingia kwenye redio kubadilisha lugha. Akafungua orodha ya simu zilizowahi kuungwa, ahakikishe zinafanya kazi. Zilikuwa mbili. Ya kwanza, *Rashidah*. Ya pili, *Siraje wa Aciro*.

Aliisoma mara tatu. Halafu akabonyeza kitufe kinachokumbuka hali ya dereva wa pili, macho yakashuka kwenye yale maduara. Abiria, kumi na nane. Dereva, ishirini na nane. Ni nani mwingine Kampala nzima anayetaka ishirini na nane? Na kiti cha dereva kikasogea chenyewe nyuma kabisa, kwa miguu mirefu. Kwa hiyo kwangu goti linamuuma, akawaza, na kwa huyu goti limepona! Anaendeshwa na mapenzi, anaendesha na gari! Akapiga simu.

"Wangi, mpenzi."

"Uko wapi?"

"Dukani, nashona."

"Unamjua mtu anaitwa Rashidah?"

Cherehani upande wa pili ikasimama.

"Rashidah... ni mteja tu. Wa mapazia. Kwa nini?"

"Basi tu," Aciro akasema, akakata. Akajifuta machozi na kitambaa cha grisi, uso ukabaki na mistari myeusi, na chini ya ile mistari hakukuwa na huruma hata chembe.

Sikiliza, breki hakugusa. Aciro si muuaji. Lakini joto na redio ni ufalme wake. Alifungua dashibodi, akahamisha nyaya upande wa dereva. Duara likipita ishirini na tano, moto wote wa injini unakuja usoni mwa dereva, na ukilirudisha kwenye baridi moto unazidi. Rashidah mwenyewe hafiki hata ishirini, hatajua. Kisha akaamuru redio ipokee yenyewe kila simu inayokuja kwa *Siraje wa Aciro*, sauti juu kabisa. Mwisho akazima vitufe vya sauti na vya kukatia simu. Jioni Rashidah akaja, akawasha, akasikia baridi tamu ya kumi na nane. "Fundi, una mikono ya dhahabu!"

"Karibu tena, madam."

Ijumaa kulikucha na manyunyu. Kwenye uwanja wa mtihani koni zilipangwa, vioo vya gari juu kwa sababu ya mvua. Siraje kwenye usukani, mtahini pembeni na karatasi zake, Rashidah nyuma akiomba dua kimoyomoyo. Siraje alihisi baridi, akasogeza duara lake mahali pake pa kawaida.

Moto ukamvamia. Akarudisha duara, moto ukazidi. Jasho likamwingia machoni, shati likamganda mgongoni, lakini akakaza roho, akapita koni ya kwanza, ya pili, akaanza kurudi nyuma polepole. Bila leseni, hakuna Aciro. Saa tatu na dakika tano. Redio ikalia mara moja, ikajipokea.

"SIRAJE!"

Gari zima likatetemeka.

"Usihangaike kukata, vitufe vyote nimevifunga! Joto linakutosha, mpenzi? Ulipenda ishirini na nane, leo nimekupa la jahanamu! Na wewe Rashidah, mtu mzima na kilemba chako, mchukue! Mchukue na soksi zake mbili! Kwangu goti linamuuma, kwako anaendesha! Jumapili nilikuwa nakupeleka kwa baba yangu, Siraje. Kwa baba yangu! Mungu akuonyeshe ulichonionyesha!"

Siraje alibonyeza kila kilichokuwa mbele yake. Waipa zikaruka, honi ikalia, mguu ukakosea. Kukasikika krach, tena krach, halafu kishindo kimoja kizito. Gari likasimama.

Upande wa pili wa simu, Aciro alisikia feni ikivuma. Kisha sauti nzito, ya mtu asiye na haraka.

"Nyabo, mimi ni afisa Okot. Ndimi mtahini hapa. Huyu kijana alikuwa anarudi nyuma vizuri sana mpaka ulipopiga. Sasa ameangusha koni mbili na nguzo moja. Niandike ameshindwa yeye, au umeshindwa wewe?"

"Mtahini... wa nini?"

"Wa leseni, nyabo. Ya kuendesha gari."

Simu ikamponyoka Aciro, ikaanguka kwenye ndoo ya mafuta machafu.

Rashidah alifika gerejini kabla ya saa tano, kilemba kimelegea, taa ya nyuma ya gari imevunjika. "Miezi mitatu!" akampigia kelele mbele ya mafundi wote. "Miezi mitatu namfundisha, na kila kona ni Aciro, Aciro! Nimelichoka jina lako kabla sijakuona! Anajifunza kwa ajili ya baba yako, mjinga wewe!" Aciro akachukua bisibisi. Alirudisha nyaya zote, akafunga taa mpya, na mzee Odur akamwambia kwa upole uliouma kuliko matusi: "Nenda nyumbani. Nikitaka kukuona nitakuita."

Simu ya Aciro ilipona mafuta, lakini Siraje hakupokea. Ijumaa nzima hakupokea. Jumamosi asubuhi Aciro akapanda Old Kampala, akamkuta dukani katikati ya vitambaa, mkasi mkononi. Hakuinua kichwa.

"Siraje, nisamehe."

"Pazia la mita ngapi?"

"Nisamehe, mpenzi. Kwa nini hukuniambia?"

"Aibu!" Akautupa mkasi mezani. "Lile gari jeusi halikuwa langu. Sina gari, sijawahi kuwa na gari. Wewe unayafungua magari kama maharage, mimi nilikuwa sijui hata breki iko wapi. Ningekuambiaje? Na wewe, Aciro, ungeniuliza! Swali moja tu! Badala yake ukanichoma ndani ya gari mbele ya watu."

"Nilikuuliza. Ukasema mteja."

Hilo likamgusa, lakini hasira ilikuwa bado ya moto. "Mtihani mwingine ni baada ya mwezi. Baba yako ni kesho. Nitakuja, sitakimbia. Lakini sitafungua mdomo. Utamweleza wewe yote uliyoyafanya, neno kwa neno, nami nitakaa hapo nikutazame."

"Siraje, baba ataniua."

"Basi nitakuwepo kwenye mazishi."

Jumapili Mbuya, viti vimetolewa uani, chai na karanga mezani. Siraje akashuka kwenye pikipiki, koti la maziwa, viatu vinang'aa. Mzee Opoka akachungulia barabarani nyuma yake.

"Gari iko wapi? Leseni iko wapi?"

Siraje akakaa, akamtazama Aciro. Aciro alikuwa amevaa gauni jipya la bluu. Akasimama, akaanza. Akaeleza orodha ya simu, maduara, nyaya, redio, matusi yote, nguzo. Hakuruka hata soksi. Alipomaliza uso wake ulikuwa umelowa.

Mzee Opoka hakucheka. "Miaka ishirini na sita mimi naendesha lori. Hakuna mtu nagusa gari bila kuambia dereva. Hakuna! Wewe ni mtoto wa dereva, na umefanya hiyo?" Akamgeukia Siraje. "Na wewe ulidanganya mimi kwa simu."

"Ndiyo, mzee. Nilidanganya."

"Leseni bado nataka. Mwezi moja nakupa, siku moja haizidi. Lakini nauliza kwanza." Akamnyooshea Aciro kidole. "Huyu, na kichwa kama hii. Bado unataka?"

Siraje akachukua kikombe. Akapuliza chai. Akanywa funda moja, akatafuna karanga, akanywa tena. Aciro amesimama hapo, na Siraje anamwona, na haharakishi. Alitaka Aciro asikie. Alitaka ajue mtu anavyojisikia akifungiwa mahali na hakuna kitufe kinachomsaidia. Akainywa chai hiyo mpaka majani ya chini.

"Tangu Ijumaa najaribu nisikutake," akasema mwishowe. "Nimejaribu kwa hasira yangu yote, Aciro, nimeshindwa. Nakutaka. Hilo ndilo ambalo bado sijakusamehe."

Aciro akakaa chini pale pale kwenye vumbi, na gauni lake jipya, akalia kwa sauti mbele ya baba yake.