Ganzi ya Haraka

Jamani majirani, ile nyumba ya dada wawili wenye saluni mnaijua. Chumba cha mbele kina kitanda kimoja cha shuka jeupe; mkubwa anatoboa masikio, mdogo anatoa nywele za mwilini kwa nta, na vicheko havikatiki. Amani tele, mpaka siku mdogo alipoingia na kikopo kisicho na nembo.

"Dada, jeli hii ya ganzi ni kiboko! Ile yako ya famasia mtu anasubiri mpaka anasinzia."

"Na asinzie. Yangu imeandikwa kilichomo na kiasi cha kupaka. Hiyo yako ina nini?"

"Ina wateja!"

Wakajipaka mikononi walinganishe. Kweli, penye jeli ya kikopo pakafa ganzi papo hapo. Mkubwa akatikisa kichwa.

"Kali si salama. Katupe."

Mdogo akakificha.

Kesho yake mkubwa akiwa sokoni, akaja binti wa shangazi yao, mwoga wa nta kupita kiasi. Mdogo akampaka miguu yote, tangu mapajani, kisha akaizungushia nailoni ili dawa iingie upesi. Tamaa, ndugu zangu, haina breki.

"Mbona midomo inakufa ganzi?" binti akauliza. "Na masikio yanavuma..." Hakumaliza. Mwili mzima ukaanza kutetemeka.

Hapo ndipo mkubwa aliporudi. Hakugombeza mtu. Alichana nailoni, akafuta jeli, akaita teksi.

Hospitalini daktari akauliza binti amepakwa nini. Shangazi mwenyewe alikuwa amesimama pale. Ingekuwa rahisi kusema "losheni tu". Wangapi kati yetu tusingesema hivyo? Mdogo akasogea mbele, machozi yakimtiririka, akatoa kikopo.

"Ni mimi, daktari. Nilimpaka hii miguu yote, nikafunga na nailoni. Dada alinikataza."

"Umefanya vyema kusema. Sasa tunajua tunapambana na nini."

Binti alipona. Na shangazi, ambaye tulidhani angewasha moto, alimshika mdogo bega mbele ya ukoo mzima.

"Kosa alilifanya, lakini hakulikimbia. Huyu ni damu yetu."

Nami natembea kifua mbele kwamba saluni ile iko mtaani kwetu. Leo mteja akiwa na pupa, mdogo ndiye anayemjibu: "Subiri ganzi ishike, au nenda na nywele zako."

Mafunzo

Jeli ya ganzi ni dawa, si mafuta ya kujiremba. Usipake usiyoijua, usipake mwili mzima, wala usiifunge na nailoni bila agizo la mtaalamu. Na ukikosea, sema mapema: aibu hupita, uhai haurudi.